Maswali ya Wasomaji: Ukisikia Baridi kwa Wayurok Unasemaje?

SWALI (mama, Kabale): Mwalimu, habari za kazi. Binti yangu yuko Marekani anasoma, ni California ya kaskazini kabisa, mji unaitwa Arcata, na kila siku analalamika ukungu na baridi utafikiri hajazaliwa Kabale. Sasa amepata rafiki, msichana wa kabila la Wayurok, na huyo rafiki amemfundisha kusema "nasikia baridi" kwa lugha yao, naye akanitumia voisi. Nimeisikiliza mpaka betri imeisha lakini "mimi" siioni, "baridi" siioni, ni sauti moja tu ndefu yenye kukatikakatika. Sisi Wakiga tunasema ninhurira embeho, yaani nasikia baridi. Na wao wanasikia kama sisi ama wanafanya nini? Alafu hao Wayurok ni nani?

JIBU: Mama yangu wa Kabale, swali zuri sana hili, na mshukuru binti yako kwa kukutumia sauti, wengi wanatuma maandishi tu na lugha hii maandishi peke yake hayakupeleki mbali.

Nianze na watu wenyewe. Wayurok ni wenyeji wa pale mto Klamath unapoingia bahari ya Pasifiki, nchi yao ni ya misitu ya miti mirefu sana, redwood, na eneo lao la leo linafuata mto kama maili 44 kutoka mdomoni kwenda juu, maili moja upande huu na maili moja upande ule. Waliojiandikisha kwenye kabila ni zaidi ya 5,000, ndo kabila kubwa kuliko yote ya wenyeji wa California. Hata hilo jina Yurok si lao, wamepewa na majirani zao Wakaruk wanaokaa juu ya mto na kwa Kikaruk lina maana ya kule chini mto unakoelekea, na ukiangalia ramani ndiko wanakokaa kweli.

Sasa voisi yako. Kwa Kiswahili tumezoea mtu anakaa mbele ya kitenzi, NI-nasikia, U-nasikia, A-nasikia, kwa hiyo sikio lako linamtafuta mtu mwanzoni na pale hayupo. Kwa Kiyurok vitenzi vingi vinambeba mtu mkiani. Chukua kitenzi cha kula, ni rahisi kukishika: nepek' ni ninakula, nepe'm ni unakula, nep' ni anakula. Umeona? Mzizi ni nep- haubadiliki, kinachobadilika ni mkia, na hiyo k' ya "mimi" inatoka kwa kukatwa ghafla kooni, ndo huko "kukatikakatika" ulikosikia. Na hapo hapo ujue samaki wao mkubwa, samoni, anaitwa nepuy na wenyewe wanasema jina linatokana na huko kula. Kwa hiyo mama, rudia voisi lakini safari hii sikiliza mwisho wa neno, usisikilize mwanzo.

Kuna jambo la pili. Vipo vitenzi vingine vya Kiyurok ambavyo havibadiliki kabisa, awe nani awe nani kitenzi ni kile kile, na hapo anayesema atamtaja mtu wazi, nek ndo mimi, ke'l ndo wewe. Ukisikia nek mbele basi "mimi" wako umeshampata. Hata pale kitenzi chenyewe kimembeba mtu mkiani bado watu wanaweza kuongeza nek wakitaka kukaza, kama wewe unavyosema "mimi nasikia baridi" na hiyo "mimi" ilikuwa si lazima.

Na kuhusu kutoiona "baridi", ni hivi. Sisi tuna neno baridi, ni nomino, tunalishika tunalipeleka huku na huku: nasikia baridi, maji ya baridi, leo kuna baridi, baridi imenipiga. Neno moja kazi zote. Kiyurok hakina kundi la maneno ya sifa lililosimama peke yake kama tunavyofundishwa darasani, sifa kwa kawaida ni kitenzi. Kitu hakisemwi "ni kikubwa" kwa "ni" na sifa, kuwa kikubwa ni tendo linalonyambuliwa kama kula na kutembea. Na zaidi ya hapo, namba na baadhi ya sifa zinabadilika sura kulingana na kinachosemwa, ukihesabu watu watatu unatumia umbo moja, wanyama watatu umbo lingine, vitu vya mviringo lingine, vitu bapa lingine. Msemaji wa lugha yenye ngeli kama yetu hapo hatakiwi kuogopa, mtoto wa Kikiga mwenye miaka mitano anabeba ngeli nyingi kichwani bila kujua.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa binti yako ni huu, na naukazia: asiulize "baridi inaitwaje". Akiuliza hivo atapewa neno moja, na hatajua kama ni baridi ya hewa, ya maji ya mto, au ya mtu anayetetemeka. Aulize sentensi tatu: mimi nikitetemeka nasemaje, hali ya hewa ikiwa baridi nasemaje, maji yakiwa baridi nasemaje. Alafu aulize na za wewe na yeye ili aone mkia ukibadilika.

Kwa nini nang'ang'ania tatu? Angalia ndugu wa mbali wa Kiyurok. Kiyurok kiko kwenye ukoo mkubwa unaitwa Kialgiki, pamoja na jirani yake Kiwiyot, na ndugu wengine wote wako mbali huko upande wa mashariki, lugha kama Kikrii na Kiojibwe, maelfu ya kilomita. Mtaalamu Edward Sapir alisema mwaka 1913 kwamba hizi ni ndugu na wengine wakambishia miaka mingi, mpaka Mary Haas mwaka 1958 alipoweka ushahidi mezani ubishi ukafa. Sasa Kiojibwe, baridi ya hewa ni gisinaa, maji yakiwa baridi ni dakaagamin, na mtu akisikia baridi yeye mwenyewe anasema ningiikaj. Vitenzi vitatu, na ukivitazama havifanani hata kidogo. Mgeni akijifunza gisinaa peke yake akadhani sasa anajua baridi, siku akitetemeka hana la kusema.

Na kwa hilo la kusikia, hapana, Kiojibwe hapo hakitumii kitenzi cha masikio. Anayesikia baridi Kiojibwe hasikii kitu, hana kitu, anafanya, kuhisi baridi ni tendo lake mwilini kama vile kulala. Kwa mzungumzaji wa Kibantu inachukua muda kuizoea.

SWALI (baba, Jinja): Ssebo, mtoto wangu wa P6, darasa la sita, aliandika insha ya Kiswahili "nilisikia baridi sana" akakatwa maksi, mwalimu akasema masikio hayasikii baridi, sahihi ni "nilihisi". Nyumbani kila mtu anasema kusikia. Nani yuko sawa?

JIBU: Mtoto yuko sawa na arudishiwe maksi zake. Nasikia baridi, nasikia njaa, nasikia kiu, nasikia usingizi, nasikia maumivu, hata nasikia harufu, hicho ni Kiswahili cha Pwani cha siku nyingi, kila bibi wa Mombasa na wa Unguja anasema hivo, na wako wanaosema naona baridi, naona haya, nayo ni sawa. Kuhisi ni neno zuri limetoka Kiarabu, litumie ukipenda, lakini halijamfukuza kusikia. Kusikia kwa Kiswahili hakujawahi kuwa kwa masikio tu.

Na mtoto wako hapo Busoga ana sababu mbili za kusema hivo, maana lugha zetu za Kibantu hapa zinafanya vile vile. Muganda anasema mpulira empewo, na okuwulira ni kusikia kwa sikio na kwa mwili, mama wa Kabale hapo juu kasema ninhurira embeho, ni mstari ule ule. Alafu Waganda wana nyingine naipenda zaidi, empewo enfuuwa, baridi inanipuliza, maana empewo ni upepo na ni baridi kwa pamoja, hapo mtu ametulia tu na baridi ndo mwenye kazi. Kama njaa, enjala ennuma, njaa inaniuma. Ukivuka Karuma kwenda kwa Waacholi njaa inazidi ukali, kec neka, njaa inaniua. Hizi zote zinaonyesha kwamba kila lugha lazima iamue nani mtenda na nani mtendwa: mimi nasikia baridi, au baridi inanifanyia mimi.

Kitu ambacho ningewaomba walimu wakisahihishe kwa nguvu ni ile "niko baridi" inayoingia sikuhizi kutoka Kiingereza. Kwa Kiswahili aliye baridi ni mtu aliyepooza, hana moto wa kazi, au ni maiti. Mjerumani naye akisema kwa lugha yake kwamba yeye mwenyewe ni baridi watu wataelewa hana huruma, akitaka kusema anatetemeka anasema "kwangu ni baridi". Mfaransa anasema "nina baridi", anayo, kama mtu mwenye kitu mfukoni. Sasa kila mmoja na njia yake na hakuna ya kijinga, kosa ni kuchukua njia ya mwenzako ukaivalisha maneno yako. Na kwa vile tangu Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda limesema Kiswahili kiwe cha lazima primari na sekondari, haya mambo ya maksi yatakuwa mengi, wazazi msinyamaze.

SWALI (kijana, Gulu): Kwani California si ni joto na bichi? Baridi inatoka wapi?

JIBU: Hiyo ya sinema ni California ya kusini ndugu. Kaskazini bahari ni ya baridi mwaka mzima, ukungu unapanda kutoka majini unaingia msituni, na hiyo ndo inanywesha ile redwood kiangazi mvua ikikosa. Hata Julai pwani ile mtu anatembea na sweta. Theluji pale ufukweni si ya kawaida, ni unyevu tu na mvua za miezi mingi, ile baridi inayoingia mfupani, watu wa Kabale na Kapchorwa wanaijua.

Wayurok wa zamani walijenga kwa mbao za redwood, mlango ni tundu la duara la kuingia kwa kuinama, na katikati ya nyumba kuna shimo pana limechimbwa chini ndo familia inakaa humo kuzunguka moto. Wanaume walikuwa na nyumba yao ya jasho, imezama ardhini, moto unawashwa watu wanatoka jasho alafu wanatoka nje wanaenda kuoga mtoni maji ya baridi, na kukata kuni za moto ule ilikuwa kazi ya heshima yenye sala zake.

Na baridi kwao si adui peke yake. Samoni anataka maji baridi. Mwezi Septemba 2002 mto Klamath ulipungua maji yakapata joto, ugonjwa wa matamvua ukaingia, samaki makumi ya elfu wakafa wakaelea mpaka mto ukanuka, na Wayurok hawajaisahau hiyo. Walipigania miaka mingi mabwawa ya umeme ya juu yaondolewe na mwaka 2023 na 2024 mabwawa manne yamebomolewa kweli, moja kwanza na matatu baadaye. Kwa hiyo unaona kwa nini mtu wa kule hachanganyi baridi ya maji na baridi ya mwili, moja inamletea chakula na nyingine inampeleka motoni.

SWALI (msomaji, Moroto): Mwalimu mimi nauliza bila ubaya. Nimesoma kwamba mzee wa mwisho wa Kiyurok alishafariki. Sasa kujua kusema nasikia baridi kwa lugha ya namna hiyo kunasaidia nini? Huku kwetu pia kuna lugha imebaki na wazee wachache.

JIBU: Hujauliza kwa ubaya, umeuliza lililo zito kuliko yote kwenye ukurasa huu.

Ni kweli, Archie Thompson alifariki tarehe 26 Machi 2013 akiwa na miaka 93, na ndiye aliyejulikana kuwa wa mwisho kukua na Kiyurok kama lugha ya kwanza akiimudu kabisa. Alipokuwa mtoto alipelekwa shule ya bweni ambapo watoto wa wenyeji walikuwa wanaadhibiwa wakisema lugha zao. Sisi hapa Uganda tusijifanye hatujui hayo, wangapi wetu tumevishwa kibao shingoni au mfupa kwa sababu tumesema lugha ya mama uwanjani? Mtoto akiadhibiwa kwa kusema anasikia njaa au baridi kwa lugha yake, hata akiwa mtu mzima ataogopa kumwambia mwanawe neno hilo hilo, na hapo ndo kamba inakatika. Lugha inafia jikoni na kitandani.

Wataalamu walifika mapema kidogo. Alfred Kroeber alikuwa anakusanya hadithi za Wayurok tangu mwanzoni mwa miaka ya 1900, mpaka sauti kwenye silinda za nta, na Mwingereza R. H. Robins alikaa na wasemaji mwaka 1951, kitabu chake cha sarufi na hadithi na msamiati kikatoka 1958. Hizo ni kazi kubwa na leo zinasaidia. Ila hadithi za kale za mianzo ya dunia hazikuonyeshi mtoto akimwambia mama yake anasikia baridi amfunike. Na lugha ya kulelea mtoto inahitaji hiyo, funga mlango, sogea kwa moto, umekula, unatetemeka nini. Ukiwa na hadithi mia lakini huna hizo, utakuwa na lugha ya kusoma jukwaani.

Ndiyo maana napenda walivyofanya. Wazee walipokuwa hai Wayurok wenyewe walikaa nao wakiwarekodi, na wataalamu wa chuo kikuu cha California pale Berkeley, Andrew Garrett na wenzake, wakajenga kamusi iko kwenye intaneti bure, ina sauti za wazee na sentensi zao. Alafu kikaingia shule za serikali, sekondari kadhaa za wilaya za Humboldt na Del Norte zinafundisha Kiyurok kama somo, na wako watoto wanaosalimiana nacho barabarani, aiy-ye-kwee'. Huyo rafiki wa binti wa Kabale inawezekana kabisa alijifunza darasani, na sasa anamfundisha Mkiga. Ukiniuliza inasaidia nini mimi nakuonyesha hapo.

Na huko kwenu. Najua unasema Wasoo, wengine wanawaita Watepeth, wa mlima Moroto na Kadam na Napak, lugha yao imebaki kwa wazee wachache sana na vijana wote wamehamia Kikarimojong. Lakini Waik wa Kaabong ni wadogo kwa idadi na watoto wao bado wanaongea Icetot nyumbani, kwa hiyo udogo peke yake hauui lugha. Wewe una simu. Nenda kwa mzee mmoja, mpelekee sukari na majani ya chai, kaa naye asubuhi ya baridi juu mlimani, na usianze na "niambie historia ya kabila". Muulize anavyomwambia mjukuu aje karibu na moto. Muulize akisikia baridi anasemaje, mjukuu akisikia anasemaje, maji ya mlimani yakiwa baridi anasemaje. Muombe ruhusa kabla ya kurekodi, taja jina lake na tarehe mwanzo wa rekodi kama anakubali, alafu weka nakala zaidi ya moja, moja ibaki kwa familia yake maana ni mali yao. Fanya mwaka huu. Wazee hawangoji fandi za wafadhili.

SWALI (dada, Arua): Nataka kuandika hayo maneno ya Kiyurok kwenye simu lakini naona kila mahali yameandikwa tofauti. Niandikeje?

JIBU: Tofauti unayoona ina historia. Miaka ya 1970 na 1980 pale chuo cha Humboldt walikuwa wanatumia alfabeti inaitwa Unifon, herufi zake hazipo kwenye simu yako, vitabu vya wataalamu navyo vina alama zao, alafu baadaye kabila likachagua mwandiko wa herufi za kawaida na ndo huo unaufaa wewe. Vitu vitatu tu uangalie. Ile alama ya juu ' si pambo, ni koo linafungwa, ukiiacha kwenye nepek' umeiacha "mimi" nusu. Hl ni L ya kupuliza, weka ulimi kama unasema L alafu pitisha hewa pembeni bila sauti. Na er ukiikuta ni irabu, yaani R yenyewe inashika kazi ya a e i o u, na inapenda kuambukiza, ikiingia kwenye neno baadhi ya irabu nyingine nazo zinageuka er.

Mama wa Kabale, na wewe hiyo er isikilize kwenye voisi. Kama bado inakusumbua mwambie binti aombe rafiki yake airudie polepole, kwanza nzima, alafu vipande, alafu aseme ya wewe na ya yeye, unitumie zote nne.